Dume au Jike? Mwongozo wa Kuwatofautisha Ndege wa Msitu wa Kakamega

Wengi wanaotoka msitu wa Kakamega na daftari mkononi huwa wameorodhesha madume matupu. Majike walikuwepo. Waliandikwa "ndege wa kahawia, hajulikani", au hawakuandikwa kabisa kwa kuwa macho yalikuwa yameshatekwa na mwenye rangi. Ushauri wangu ni kugeuza mpango huo: msake jike kwanza. Dume hujitangaza mwenyewe kwa rangi na kelele, utamwona tu. Jike ndiye anayetaka subira, na mara nyingi ndiye atakayekuonyesha kiota kiko upande gani.

Nimechagua Kakamega kwa sababu ndiko mashariki kabisa unakoishia msitu wa mvua wa Afrika ya Kati na Magharibi, na ndege wake wengi huwezi kuwapata kwa urahisi kwingineko Kenya. Aina zaidi ya 300 zimerekodiwa humo. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na husimamiwa na Shirika la Wanyamapori, KWS. Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya Shirika la Misitu, KFS. Kwa anayetoka Kisumu, Isecheno ni rahisi zaidi: panda matatu ya Kakamega, shuka Khayega, kisha boda boda kupitia Shinyalu. Pande zote mbili kuna waelekezi wa hapo hapo kijijini. Wachukue. Mwelekezi aliyekulia kando ya msitu humtambua ndege kwa mlio kabla wewe hujainua darubini.

Hatua ya 1: Jiandae kwa giza

Ndani ya msitu kuna kiza hata saa nne asubuhi. Darubini ya 8x42 inatosha kabisa: 8 ni mara ambazo kitu kinakuzwa, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na upana huo ndio unaoingiza mwanga. Zile za kukuza mara 10 au 12 hutikisika mkononi na huonyesha eneo dogo, kwa hiyo ndege anahama tawi ukiwa bado unamtafuta. Ingia mara tu kunapopambazuka, kwa sababu mchana mara nyingi wingu hujikusanya na mvua ya Kakamega haibishi hodi.

Chomeka suruali ndani ya soksi. Siafu wa msitu ule hawana utani. Ila ukikuta msururu wao umetawanyika chini ya majani, simama kando kidogo ungoje, kwani ndege kadhaa hufuata siafu ili wale wadudu wanaokurupushwa, na hapo utawaona wengi kwa mpigo mmoja.

Kuhusu kitabu cha ndege, kabla hujanunua fungua kurasa za chozi, yule mdogo anyonyaye maua, na za mnana, yule afumaye viota. Kama kila aina imechorwa dume peke yake, kirudishe rafuni.

Hatua ya 2: Wajue wasio na tofauti, usipoteze asubuhi kwao

Turako mkubwa wa buluu, yule wa karibu sentimita 75 anayekimbia juu ya matawi mithili ya tumbili, dume na jike wako sawa kwa macho yetu. Turako wa Ross vivyo hivyo. Keremkerem wa kichwa cha buluu, kasuku wa kijivu ambaye siku hizi ni bahati kumwona huko, kororo wa kishungi, na kundi zima la shore wa msituni wa kijanikijani: hao waandike kwa jina la aina na uendelee na safari. Baadhi yao, kama turako na keremkerem, hushirikiana kuatamia na kulisha, kwa hiyo hakuna mmoja anayekaa kiotoni huku mwingine akijipamba.

Nimesema "kwa macho yetu" kwa sababu ndege wengi huona mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni. Wawili unaoapa kwamba ni pacha, wenyewe kwa wenyewe huenda hawafanani hata kidogo.

Hatua ya 3: Umbo kwanza, rangi baadaye

Hili ndilo linalowashinda wageni wengi. Wanaona rangi, wanakimbilia kitabu. Anza na umbo: mdomo mnene au mwembamba, mkia mrefu au mfupi, anakaa wima au amelala na tawi, anatikisa mkia juu na chini au upande kwa upande. Umbo na mwendo ni mali ya aina nzima, na kwa kawaida dume na jike wanavyo karibu sawa. Ukishajua ni aina gani, swali la rangi linabaki dogo.

Mfano ni ndege anayeitwa kisayansi Megabyas flammulatus, mwenye kichwa kikubwa na anayekaa juu mitini. Dume ni mweusi mgongoni na mweupe tumboni. Jike ni wa kahawia, na kifua chake cheupe kina michirizi. Ukiwatazama kwa rangi huwezi kuwaweka nyumba moja. Lakini wote wawili wana tabia ya kuyumbisha mkia polepole kushoto na kulia, na ukishaiona mara moja hutaisahau.

Sababu nyingine ya kuchelewesha rangi ni kwamba rangi zinazometameta, kama kijani cha chozi, hazitokani na wino ulio ndani ya unyoya. Zinatokana na jinsi unyoya ulivyopangika ndani, unavyourudisha mwanga. Bila mwanga wa kutosha, au ukimtazama kwa pembe mbaya, dume wa chozi ni ndege mweusi tu. Nyekundu ya mabawa ya turako ni jambo jingine: hiyo ni rangi halisi yenye madini ya shaba ndani yake, na haitegemei pembe ya jua. Kwa hiyo mbele ya chozi mweusi kivulini, ngoja ageuke. Usiandike chochote bado.

Hatua ya 4: Kagua sehemu chache zinazosema ukweli

Huna muda wa kumkagua ndege mzima. Sekunde tatu ukizipata ushukuru. Zitumie mahali panapofaa.

*Koo na kidari.* Somo bora la kuanzia ni Platysteira cyanea, kwa sababu hupatikana ukingoni mwa msitu na hata katika bustani za Kisumu zenye miti mikubwa. Ni mdogo, mweusi na mweupe, na juu ya kila jicho ana kipande cha nyama nyekundu kama aliyepakwa rangi ya kucha. Dume na jike wote wanacho, kwa hiyo hicho kitakupa aina na si jinsia. Teremsha macho. Dume ana koo jeupe, na chini yake mshipi mweusi unaokata kifua. Jike, koo na kidari chote ni hudhurungi iliyokolea, nyekundu kiasi, hadi panapoanza weupe wa tumbo. Wakikaa tawi moja, jike ndiye mwenye rangi zaidi ya mwenzake, jambo ambalo huwashangaza waliozoea kudhani kwamba mwenye rangi lazima awe dume.

Kwa chozi pia tazama koo. Chozi mdogo wa mshipi, Hedydipna collaris, ni kijani kinachong'aa mgongoni, dume na jike. Dume ana koo la kijani na mstari mwembamba wa zambarau chini yake. Jike ni njano tangu kidevuni.

*Paji na kisogo.* Hapa ndipo pa kumtazama kigong'ota. Kwa aina kadhaa za msituni dume ana doa jekundu utosini au kisogoni na jike hana. Kwa Dendropicos xantholophus doa hilo ni la njano. Mnana mweusi wa msituni mwenye kofia nyekundu, Malimbus rubricollis, anahitaji jicho kali zaidi: wote wawili wana nyekundu kichwani, ila ya dume huanza kwenye paji juu ya mdomo, na jike paji lake ni jeusi, nyekundu inaanzia nyuma ya utosi. Akiwa juu na wewe uko chini, hutaona kitu. Ngoja ainamishe kichwa, kwani hupenda kuning'inia akikagua majani makavu.

*Ubavu.* Lanius mackinnoni, yule wa kijivu na mweupe anayekaa peke yake kwenye kijiti ukingoni akitazama chini: jike ana doa la kahawia nyekundu ubavuni, dume hana. Doa hilo hufichwa na bawa likikunjwa. Subiri upepo, au subiri ajinyooshe.

*Bawa likikunjuliwa.* Kwezi weusi wa Stuhlmann hupita juu ya miti kwa makundi. Kutoka chini wote ni weusi mpaka wapige mabawa, ndipo majike wanaonyesha kahawia nyekundu kwenye manyoya ya kurukia. Hawa ni bora kuwahesabu wakiruka kuliko wakitua.

*Mdomo.* Kwa hondohondo mkubwa wa msitu ule, Bycanistes subcylindricus, manyoya hayakusaidii. Tazama pembe iliyolala juu ya mdomo. Ya dume ni kubwa, imenyanyuka mbele, na mdomo wake ni mweusi wenye krimu. Ya jike ni ndogo na mdomo karibu wote ni mweusi.

Pugi wa msituni, Turtur tympanistria, nitampitia haraka: dume uso na kifua ni cheupe pe, jike ni kijivujivu. Utamkuta chini njiani, na anajulikana hata bila darubini.

Hatua ya 5: Jifunze kwa moyo wale wanaoonekana kama aina mbili

Hawa ni wachache, na hakuna kanuni itakayokusaidia. Ni kukariri.

Wa kwanza ni ndege wa jenasi Campephaga, aina mbili, petiti na quiscalina. Madume wote ni weusi wa kung'aa. Wa petiti ana ukingo wa rangi ya chungwa kwenye pembe za mdomo, wa quiscalina koo lake lina zambarau ukibahatika na mwanga. Majike ni wa njano! Wa petiti ana mistari myeusi mgongoni, wa quiscalina ana kichwa cha kijivu na tumbo la njano safi. Huko Isecheno nimemsikia mgeni akimwambia mwelekezi, "Huyu mweusi nimeandika, sasa nipe jina la huyu wa njano." Mwelekezi akacheka: "Mwalimu, huyo ni mke wake. Ukimwandika peke yake utakuwa umewaachanisha."

Wa pili ni trogoni Narina, Apaloderma narina. Dume ni kijani kichwa, koo na mgongo, tumbo jekundu la kukolea. Jike ana uso na kifua cha kahawia hafifu, na nyekundu ya tumboni imepauka. Shida ni kwamba ndege huyu hukaa kimya bila kujitikisa, mara nyingi akikupa mgongo, na mgongo wa wote wawili ni kijani kile kile cha majani. Usimzunguke kwa haraka. Piga hatua mbili tatu kando, simama, ngoja ageuze shingo. Shavu likiwa kijani ni dume. Likiwa la kahawia ni jike. Tumbo lisikuhangaishe, kwa sababu kwenye kivuli nyekundu ya jike na ya dume hukaribiana. Msituni humo yuko pia trogoni mwenye mkia wa mistari, Apaloderma vittatum, ambaye dume ana kichwa cha buluu nyeusi na jike kichwa cha kahawia, basi usisahau kutazama chini ya mkia kabla ya kuandika jina.

Wa tatu ni kekeo wa kijani, Chrysococcyx cupreus. Dume ni kijani cha zumaridi na tumbo la njano kali, anaita kutoka kilele cha mti mrefu kuliko yote, na shingo itakuuma. Jike hushuka chini zaidi: mistari ya kijani na kahawia mgongoni, tumbo jeupe lenye mistari.

Huyu kekeo huharibu maelezo rahisi tuliyofundishwa, kwamba jike amefifia ili asionekane akiatamia. Kekeo haatamii. Hutaga katika viota vya wenzake na kuondoka. Anayenyemelea nyumba za watu, hata hivyo, ana sababu zake za kutotaka kuonekana. Hoja ya kujificha kiotoni aliishikilia sana mwanasayansi Mwingereza Alfred Russel Wallace. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1871, aliweka uzito kwa jike anayechagua dume aliyejipamba. Jaribio lililompa Darwin nguvu lilifanyika jirani na sisi, Kinangop, ng'ambo ya Naivasha: Mswidi Malte Andersson aliwakata mikia madume wa ndege wa nyasini Euplectes progne, wenye mikia ya nusu mita hivi, na wengine akawarefushia kwa gundi. Waliorefushwa ndio waliopata majike wengi zaidi katika maeneo yao. Matokeo yalichapishwa 1982.

Chini kabisa, kwenye vichaka vizito, wako wawili wa kukumbuka. Spermophaga ruficapilla ana kichwa na kifua chekundu kwa wote, ila tumbo la dume ni jeusi tupu na la jike limejaa vitone vyeupe. Sarothrura pulchra wa kando ya vijito utamsikia mara nyingi kuliko utakavyomwona: dume mwili mweusi wenye vitone vyeupe, jike mwili mweusi wenye mistari hafifu ya krimu. Vitone huyu, vitone yule, na jinsia zimegeuzana. Ukichanganya, rudia.

Hatua ya 6: Kabla ya kusema "jike", ondoa mashaka haya

Dume mchanga mara nyingi hufanana na mama yake. Chozi mwenye mwili wa kahawia na mabaka mawili matatu ya kung'aa kooni si jike wa ajabu, ni kijana anayebadilisha manyoya. Msimu nao unahusika, hasa nje ya msitu: madume wengi wa nyasini, kama wale wa mikia mirefu wa Kinangop, huvaa kahawia ya majike msimu wa kuzaliana ukiisha. Wa msituni wengi hawabadiliki kiasi hicho.

Usimwite jike kwa sababu tu yuko kiotoni. Terpsiphone viridis, yule mdogo mwenye kishungi na mkia wa utepe, dume huatamia kwa zamu, na utepe wake unaning'inia nje ya kikombe cha kiota mpaka unajiuliza atatoka vipi bila kuukunja. Pia dume huyo huyo anaweza kuwa mweupe badala ya kahawia nyekundu, na akipoteza utepe hubaki na mkia mfupi kama wa jike.

Na usidhani kila mwimbaji ni dume. Laniarius major huimba wawili wawili, mmoja akianza na mwingine akimalizia kwa haraka kiasi kwamba unadhani umesikia koo moja.

Ukirudi Kisumu, pitia kinamasi cha Dunga kando ya ziwa ujionee mambo yamepinduliwa. Ndege wa kukanyaga majani ya yungiyungi, Actophilornis africanus, jike ni mkubwa kuliko dume, na dume ndiye anayeatamia na kulea. Rostratula benghalensis wa matopeni amezidi: jike ana shingo ya kahawia nyekundu iliyoiva, dume amepauka na ndiye mlezi.

Hatua ya 7: Thibitisha kwa wanachofanya

Rangi ikikataa, tazama nani anampa nani chakula. Kwa hondohondo jambo hili halina ubishi. Jike huingia katika tundu la mti, mlango unazibwa kwa udongo hadi unabaki ufa mwembamba, na dume ndiye anayeleta matunda na kuyapitisha kwenye ufa huo, moja baada ya jingine. Ukimwona hondohondo anarudi kwenye shina lile lile akitapika matunda, huyo ni dume, hata kama hujaona pembe yake vizuri. Kaa mbali, na usipige rekodi ya mlio kwenye simu karibu na kiota. Dume akiacha kulisha ili akufukuze, walio ndani ndio wanaolala njaa.

Hatua ya 8: Andika ulichokiona, jina baadaye

Tumia herufi: D kwa dume, J kwa jike, K kwa kinda au kijana, na alama ya kuuliza. Mbele ya kila herufi andika sehemu ya mwili iliyokupa jibu, papo hapo, kabla hujafungua kitabu. Mstari mzuri unasomeka hivi: "Saa 1.20, Isecheno, ukingoni. P. cyanea, J, koo hudhurungi, nyama nyekundu juu ya jicho, amebeba utando wa buibui mdomoni." Utando huo ni wa kujengea, kwa hiyo umepata na habari ya kiota bila kukitafuta.

Neno "jozi" liandike pale tu ulipowaona wawili wakifanya jambo pamoja: kulishana, kujenga, kuitikiana. Wawili waliotua tu kwenye mti mmoja wa matunda ni D mmoja na J mmoja. Na alama ya kuuliza isibadilishwe kuwa D au J usiku ukiwa na chai mkononi, kwa sababu kitabu kitakushawishi uone doa ambalo hukuliona msituni.